Waandishi wa kujitegemea: kama kinachoingia kinatosha, kuna haja gani ya kukimbia?

#1 Kalamu Butu

Wakuu, salaam.

Naandika kwa kujitegemea: makala za blogu za kampuni, kurasa za tovuti, mara mojamoja ripoti. Nina wateja watatu wa kudumu. Naanza saa tatu asubuhi, saa nane mchana nimeshafunga laptopu. Bili zinalipwa na kidogo kinabaki. Mwenzangu tuliyeanza naye ana wateja wengi mpaka anachanganya majina yao, anaandika hadi usiku wa manane, ana vijana wawili anaowagawia kazi, na kila tukiongea neno lake ni moja: "Unajipunja."

Dai langu ni hili. Kwenye kazi hii ya kalamu kukimbia ni hiari, na wengi wanaokimbia ukiwauliza wanafukuza nini hawana jibu. Anayebisha aje na hoja. Anayekubali aniambie anaishije na watu wanaomwona mvivu.

#2 DedilainiKesho

Nabisha vikali. Ila kuna kazi natakiwa kukabidhi jioni hii. Nitarudi.

#3 Nukta Mkato

Uzi una post mbili na tayari umepata mfano hai.

#4 Bi Mswada

Kalamu Butu, umetaja wateja watatu ukanyamaza. Kila mmoja anachangia kiasi gani? Kama mmoja analeta nusu ya kipato chako, huyo si mteja tena, ni mwajiri asiyekupa likizo wala notisi. Siku kampuni yake ikibadilisha meneja wa masoko, na hawa hawakai sana, meneja mpya anakuja na waandishi wake. Wewe unaanza upya ukiwa na pengo la nusu.

Kanuni yangu: mteja mmoja asizidi theluthi ya mapato. Akizidi, kazi yake siikatai, ila natafuta mwingine wa kumsawazisha. Hapo kasi inakuja yenyewe, wala si tamaa.

#5 Kalamu Butu

Mmoja analeta zaidi kidogo ya nusu. Asante kwa kuniharibia usingizi wa mchana.

#6 Mpiga Hesabu

Tuweke hisia pembeni kidogo.

Mwaka una wiki 52, kila wiki siku 5 za kazi, jumla siku 260. Toa siku 20 za mapumziko na 10 za ugonjwa na sikukuu, zinabaki 230. Mleta uzi anafanya kazi saa 5 kwa siku. Katika hizo, tuseme saa 2 si za kuandika: kujibu barua pepe, kutuma invoisi, kukumbushia invoisi, kuongea na mteja mpya ambaye mwisho wa maongezi atasema "tutakutafuta". Zinabaki saa 3 zinazolipwa. 230 mara 3 ni saa 690 kwa mwaka.

Chukua matumizi yako ya mwaka mzima. Ongeza kodi, bima, laptopu itakayokufa, na akiba ya uzeeni. Gawa kwa 690. Hiyo ndiyo bei yako ya saa. Kama unaweza kuitaja mbele ya mteja bila sauti kutetemeka, endelea kufunga saa nane na asikubabaishe mtu. Kama huwezi, basi hicho "kidogo kinabaki" ni pensheni yako unayoila sasa hivi bila kujua. Mwajiriwa akienda likizo mshahara unaingia. Wewe ukienda likizo unajilipa mwenyewe.

#7 Nukta Mkato

#6 Hesabu imenyooka lakini umeipendelea. Umechukulia kwamba kazi ipo siku zote 230. Kuna wiki mteja anasema "tunasubiri bajeti ipite" na huna cha kufanya. Kuna kazi unaandika halafu mradi unafutwa na hakuna kipengele cha malipo ya kufuta. Punguza angalau moja ya tano ya hizo 690, zinabaki 552, ndipo ugawe.

#8 Mpiga Hesabu

Nakubali. Kwa 552 bei ya saa inapanda kwa robo nzima. Ndiyo maana wengi hawaipigi hesabu hii mpaka mwisho.

#9 Mzee Wino

Vijana, mambo haya hayakuanza na intaneti. Mwingereza Anthony Trollope, karne ya 19, alikuwa mtumishi wa posta. Aliamka alfajiri, akaweka saa mezani, akajitakia maneno 250 kila robo saa. Kwa siku alikaa mezani saa tatu tu, kisha akaenda kazini. Kwa mwendo huo ameacha riwaya 49. Sasa niambieni, huyo alikuwa mtu wa polepole au mtu wa mbio? Saa tatu kwa siku ni pungufu ya za Kalamu Butu.

#10 Tafsiri Bubu

Shikamoo mzee. Marekebisho madogo: riwaya ni 47. Na jambo kubwa zaidi ni hilo la posta. Aliacha kazi mwaka 1867 akiwa tayari mwandishi mwenye jina na fedha za vitabu. Miaka yote ya mwanzo mshahara ulikuwa unaingia hata kama riwaya ingekataliwa. Mtu wa namna hiyo anaweza kuweka saa mezani kwa raha zake. Aliyejiajiri saa hiyo iko mezani kwa mteja.

#11 Mzee Wino

Marahaba. 47 nakubali, umri huo.

Kuhusu mshahara, umenipa hoja badala ya kuninyang'anya. Shaaban Robert alikuwa karani serikalini miaka mingi huku akiandika tungo na riwaya. Kafka alikuwa ofisi ya bima. Wengi tunaowasifu kwa utulivu wa kalamu walikuwa na mtu mwingine anayelipia utulivu huo. Kwa hiyo swali la mleta uzi la "polepole au mbio" mimi ningeligeuza: nani analipia upolepole wako?

#12 Kalamu Butu

Mzee, naulipia mwenyewe. Sina gari, sina mkopo, na sinunui simu mpya kila mwaka. Mwenzangu anayekimbia ana vyote vitatu.

#13 Kivuli cha Jina

Hapo kwa Kalamu Butu kwenye #12 kuna nusu ya jibu. Nusu nyingine ni namna unavyolipwa, na sioni mtu ameigusa.

Mimi huandikia watu hotuba na vitabu vinavyotoka kwa majina yao. Nilianza kwa kulipwa kwa neno. Ukilipwa kwa neno, kila sentensi unayoifuta ni hasara yako. Saa nzima unayotumia kufupisha aya tatu ziwe moja nzuri, mfumo unakutoza faini. Mahojiano hayahesabiwi. Kusoma hakuhesabiwi. Mtu yeyote akiwekwa kwenye mfumo huo atakimbia, hata awe mtulivu kiasi gani.

Baadaye nikahamia malipo kwa kazi nzima, nusu kabla ya kuanza, na mkataba unasema marekebisho ni awamu mbili, ya tatu inalipiwa. Tabia yangu ni ileile, lakini mwendo ulibadilika mwezi huohuo. Nikaanza kufuta bila uchungu. Kwa hiyo mimi siamini sana habari za "fulani ni mtu wa malengo, fulani ni mtu wa kutulia". Nionyeshe mkataba wake nitakwambia mwendo wake.

#14 Bi Mswada

#13 Nusu kabla ya kuanza, nakazia.

#15 DedilainiKesho

Nimerudi. Nimekabidhi dakika nne kabla ya saa, Nukta Mkato usinianze.

Hoja yangu. Mnaongea kana kwamba soko litakaa kimya likiwasubiri. ChatGPT ilitoka Novemba 2022, na tangu hapo mteja mdogo aliyekuwa anaagiza makala fupi za jumlajumla anajitengenezea mwenyewe, halafu anakuita "urekebishe kidogo" kwa sehemu ya bei ya zamani. Mimi binafsi kazi za maelezo ya bidhaa ziliniishia hivyohivyo. Kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa na wateja wa aina nyingine tayari, kwa sababu nilikuwa nakimbia wakati wa neema. Aliyekuwa ametulia na wateja watatu wa aina moja alijikuta hana hata mmoja.

Kukimbia ni kununua nafasi. Unajenga jina, unaingia fani moja unaijua kuliko wengine, unapata wahariri wanaokukumbuka. Hayo huwezi kuyajenga siku ambayo tayari unayahitaji. Kalamu Butu, saa zako za mchana zilizo wazi ndizo ungejengea. Unalala juu yake.

#16 Sauti ya Pili

DedilainiKesho, ukweli huohuo wa Novemba 2022 mimi unanipeleka upande wa pili kabisa. Kilichokufa ni kazi ya wingi. Maneno mengi, upesi, bei ndogo. Hiyo ndiyo iliyokuwa mbio ya watu. Kilichobaki kwangu ni kazi inayotaka kwenda kuongea na mhandisi aliyejenga kitu, kusikiliza kwa nini kilianguka mara ya kwanza, kurudi na maswali, kusoma ripoti ya kurasa nyingi mpaka mwisho. Kazi hiyo haikimbizwi. Ukiikimbiza inatoka ileile ambayo mashine ingetoa.

Kwa hiyo tukisema mashine imekuja tukimbie, tunashindana nayo pale ilipo na nguvu.

#17 DedilainiKesho

Lakini mteja wa kazi ya namna hiyo ulimpataje? Hakushuka kutoka mbinguni. Ulikimbia mahali fulani ukamkuta.

#18 Sauti ya Pili

Aliletwa na mhariri niliyefanya naye kazi kwa utulivu miaka miwili.

#19 Nukta Mkato

Goli. Ingawa mwamuzi bado anaangalia kwenye video.

#20 Mama Pacha

Ninyi mnaongea habari za mwendo kama viatu, mtu anaingia anachagua saizi. Mwendo wangu anauamua mtoto mwenye homa. Wiki wakiwa shuleni na wazima, natoa kazi mpaka mhariri anashangaa. Wiki mmoja akiumwa, wa pili anafuata baada ya siku mbili, naandika saa za usiku nikiwa nimesinzia na naomba muda wa ziada. Ukiniangalia kwa mwezi mmoja utasema nina malengo makubwa, mwezi unaofuata utasema mvivu. Ni mtu yuleyule.

Nilichojifunza ni kutotoa tarehe ninayoiweza, bali natoa tarehe ninayoiweza mtoto akiumwa. Mteja akipata kazi mapema anafurahi, akiipata siku aliyoahidiwa hana neno.

Na kuhusu wanaokuita mvivu, Kalamu Butu, kosa ni kuwatangazia kwamba unafunga saa nane. Nani kakuuliza? Mimi nikimaliza mapema simu naacha ikiita. Wanajua niko kwenye kikao.

#21 Kalamu Butu

Hahaha. Kuanzia kesho nina vikao kila siku saa nane.

#22 Nukta Mkato

Mama Pacha kafunga uzi.

#23 Mama Pacha

Sijafunga. Narudi wakilala.

#24 Mtazama Dirisha

Haraka haraka haina baraka, wakuu.

#25 DedilainiKesho

Chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

#26 Mpiga Hesabu

Sare, methali moja kwa moja. Turudi kwenye invoisi.

#27 Mshona Aya

Mimi nina maelezo tofauti na yote yaliyotangulia. Kuna kitu alikisema mwandishi Parkinson mwaka 1955 kwenye gazeti la The Economist: kazi hutanuka mpaka ijaze muda uliotengewa. Mwandishi aliyetulia ana tatizo hilo. Makala ambayo angemaliza kabla ya mchana inachukua siku mbili kwa sababu siku mbili zipo. Anaita hiyo "kuzingatia ubora". Mara nyingi amekuwa akibadilisha neno moja na kulirudisha.

Nikiwa na kazi mbili kwa siku naandika vizuri kuliko nikiwa na moja. Sijui kwa wenzangu.

#28 Tafsiri Bubu

Parkinson alikuwa anakejeli maofisi ya serikali, jinsi maofisa wanavyoongezeka hata kazi isipoongezeka. Hakuwa anawaongelea waandishi. Ila sikatai kwamba kubadilisha neno na kulirudisha ni maisha yangu.

#29 Mshona Aya

Najua alikuwa anakejeli. Kejeli ikiniingia mimi nayo ni yangu.

#30 Bi Mswada

Naomba niongeze jambo ambalo naona linachanganywa. Kuna mtu anayekimbia kwa malengo na kuna mtu anayekimbia kwa hofu, na kwa nje wanafanana.

Mzunguko wenyewe huenda hivi. Kazi zikijaa, mtu anaacha kutafuta wateja kwa sababu hana nafasi. Kazi zile zinaisha karibu kwa pamoja. Anainua kichwa, hakuna kitu kwenye foleni. Na mteja mpya haji siku unayomtafuta. Kati ya barua ya kwanza na malipo ya kwanza kuna wiki nyingi, maana kuna kujadiliana, kuna kazi ya majaribio, halafu invoisi yenyewe inalipwa baada ya siku 30, na kampuni kubwa nyingine siku 60. Katikati ya ukame huo anakubali kila kazi kwa bei yoyote. Anajaa tena, safari hii kazi za bei mbaya. Anaandika usiku. Watu wanasema, "Huyu jamaa anajituma."

Dawa yake haina utukufu wowote: saa moja au mbili kila wiki za kutafuta wateja, hasa wiki ambayo umejaa. Mimi hufanya Jumatatu asubuhi kabla sijafungua kazi ya mtu.

Kwa hiyo Kalamu Butu, kabla hujamwonea wivu mwenzako, muulize: kati ya wateja wake wote, wangapi angewakataa kama angeweza?

#31 DedilainiKesho

Bi Mswada umeniita mwoga kwa adabu sana. Ndiyo, naogopa. Woga huo ndio unaolipa kodi ya nyumba.

#32 Bi Mswada

Sikukutaja kaka. Umejitokeza mwenyewe.

#33 Mkono wa Kushoto

Kuna upande wa majukwaa hamjaugusa. Upwork, jukwaa la mtandaoni la kutafutia kazi za kujitegemea, kabla ya 2023 walikuwa wanakata kwa ngazi: asilimia 20 ya mapato ya mwanzo kwa kila mteja, ikishuka kuwa 10, halafu 5 kadiri ulivyoendelea kufanya kazi na mteja huyohuyo. Maana yake mtu mwenye wateja wachache wa kudumu alikuwa anakatwa kidogo, na mwenye wateja wengi wa mara mojamoja alikuwa anakatwa 20 kila siku ya Mungu. Utaratibu ulikuwa unampendelea Kalamu Butu. Mwaka 2023 wakafuta ngazi, ikawa asilimia 10 kwa wote. Mimi niliyekuwa na wateja wa muda mrefu makato yangu yaliongezeka maradufu bila kufanya lolote.

Nasema hivi kwa sababu watu wanadhani wamechagua mwendo. Wengine wamechaguliwa na jedwali la makato.

#34 Kivuli cha Jina

#33 Hii inakwenda sambamba na yangu ya #13. Nashukuru.

#35 Sauti ya Pili

Inakwenda nayo ila haitoshi. Kuna watu wawili kwenye jukwaa lilelile, makato yaleyale, mmoja anafunga saa nane mwingine usiku wa manane. Jedwali haliwezi kueleza hilo. Kuna tabia ya mtu, tusiikimbie.

#36 Mhariri Mstaafu wa Usiku

Kuhusu vijana wawili wa mwenzake Kalamu Butu. Mimi nimepita njia hiyo, nina waandishi ninaowagawia kazi, na niseme ambacho watu hawasemi: hiyo ni kazi nyingine kabisa. Siandiki tena. Naandika maelekezo ya kazi, nasahihisha, namtuliza mteja, nalipa watu kabla sijalipwa. Hilo la mwisho ndilo linaloua wengi. Mwandishi wako anataka hela mwisho wa mwezi, mteja wako analipa baada ya siku 60, katikati ni mfuko wako. Asiye na akiba ya miezi mitatu asianze.

Watu hunionea huruma kwamba nimeacha kuandika. Wala. Nimegundua nafurahia kusahihisha kuliko kuandika. Nikiipokea rasimu mbovu asubuhi, mchana imesimama, naona raha ambayo sikuwahi kuipata kwenye ukurasa mtupu. Huenda na mwenzako ni hivyo. Unamwona anakimbia kumbe amefika kwenye kazi yake.

#37 Kalamu Butu

Hili sikuwa nimelifikiria. Yeye hulalamika, lakini ukimwambia apunguze anabadilisha mada.

#38 Mzee Wino

Mkiongelea mbio mnanikumbusha Dostoyevsky. Mwaka 1865 alikuwa na madeni mpaka shingoni, akasaini na mchapishaji mmoja kwamba asipoleta riwaya mpya kufikia tarehe 1 Novemba 1866, mchapishaji atapata haki ya kuchapa kazi zake kwa miaka tisa bila kumlipa. Oktoba imeanza hana hata ukurasa. Akamwajiri binti anayejua hatimkato, akamsomea riwaya nzima kwa siku 26. Siku ya kukabidhi mchapishaji hayupo mjini, makusudi. Dostoyevsky akaipeleka kituo cha polisi akapewa risiti.

Halafu mwaka uliofuata akamwoa yule binti.

#39 Nukta Mkato

Kwa hiyo funzo ni tusisaini mikataba ya namna hiyo, au tusaini halafu tuajiri mpiga hatimkato?

#40 Mtazama Dirisha

Wengine tunakabidhi kabla ya tarehe tunaambulia "asante, tumepokea".

#41 Kivuli cha Jina

Mzee, hadithi nzuri, ila inatumiwa vibaya sana na watu wanaosema "shinikizo huleta kazi nzuri". Kilicholeta mbio zile ni madeni na mkataba mbovu. Na baada ya kuoa, mkewe ndiye aliyeshika fedha na mambo ya wachapishaji, baadaye wakawa wanachapisha vitabu wenyewe. Kwa maneno mengine, alipata mtu wa kusoma mikataba.

#42 DedilainiKesho

Mimi naona kinyume. Bila ile tarehe riwaya ile isingekuwepo. Angekuwa bado anabadilisha neno na kulirudisha kama Tafsiri Bubu.

#43 Tafsiri Bubu

Nimekusikia.

#44 Mkono wa Kushoto

Nje ya mada kidogo: mbio zina mwili wake. Nilipata maumivu ya kifundo cha mkono wa kulia kwa kuandika, ndiyo asili ya jina langu humu. Daktari aliniambia nipumzishe mkono, mteja aliniambia Ijumaa. Siku hizi rasimu ya kwanza naizungumza kwenye simu, kisha naisahihisha. Inatoka ndefu na ina maneno mengi ya "yaani", lakini inatoka.

#45 Mshona Aya

Unatumia programu gani kuandika kwa sauti? Yangu kila nikisema "mhariri" inaandika "mharibifu".

#46 Nukta Mkato

Iache, imeshakutana na wahariri.

#47 Mama Pacha

Wamelala. Nimesoma kurasa zote.

Naona wanaume wawili watatu humu wanasema "nakimbia sasa nitapumzika baadaye". Naomba waseme baadaye ni lini. Wekeni alama: nikifikisha akiba ya miezi sita ya matumizi napunguza wateja, au nikipata wateja watano wa bei hii naacha wa bei ile. Bila alama hiyo sioni mtu anayepumzika. Bei inapanda, matumizi yanapanda nayo, na huwezi tena kurudi kwenye saa 5 hata ukitaka.

#48 DedilainiKesho

Yangu ni akiba ya mwaka mmoja.

#49 Mama Pacha

Mwaka jana ulisema miezi sita. Uzi ule wa kodi, upo.

#50 DedilainiKesho

Humu ndani hamna siri.

#51 Kalamu Butu

Nawashukuru wote. Bado nafunga saa nane, ila huyu mteja wa nusu lazima nimtafutie mwenzake. Na hesabu ya Mpiga Hesabu nimeifanya kwa 552, bei iliyotoka siipokei kwa mteja yeyote kati ya hawa watatu. Sitaki kuongeza saa, kwa hiyo imebaki kupandisha bei. Nimeandika hivi, naomba mnisahihishie:

"Habari za kazi. Kuanzia tarehe 1 mwezi ujao, bei yangu kwa kila makala itapanda kwa asilimia 15. Kazi zilizokwisha kuagizwa zitabaki kwa bei ya sasa. Samahani sana kwa usumbufu utakaojitokeza."

#52 Nukta Mkato

Futa sentensi ya mwisho.

#53 Kivuli cha Jina

Na badala ya "itapanda kwa asilimia 15" andika kiasi chenyewe kipya. Asilimia inamlazimisha apige hesabu, na akipiga hesabu anaanza kujadili.

#54 Bi Mswada

Mwezi ujao ni karibu mno kwa kampuni. Wape siku 60, wana bajeti zilizokwisha kupita. Na usimwanze huyu mkubwa kabla hujapata wa kumsawazisha.

#55 Kalamu Butu

Nimefuta samahani, nimeweka kiasi. Ya siku 60 nimeiona nimeshatuma. Nimeanza na mdogo.

#56 DedilainiKesho

Mtu wa polepole huyo.

#57 Kalamu Butu

Amejibu. Anauliza kama bei mpya inajumuisha na kutafuta picha.

#58 Nukta Mkato

Haijumuishi.